Shangazi, mtoto nimemwita Shukuru lakini mwenyewe kushukuru kumenishinda

Jamani habari za siku. Mwezi huu barua zimekuja nyingi, na nyingi ni za pesa na wakwe kama kawaida yenu, ila kuna tatu zimenikaa kichwani, wenyewe hawajuani lakini ni kama wameandika wamekaa benchi moja. Kwa hiyo za wakwe zisubiri mwezi ujao. Ya kwanza ndefu, nimeipunguza, mengine nimeyaacha alivyoandika.

"Shangazi shikamoo. Mimi ni baba wa watoto watatu, miaka 39, naishi Chanika. Ni mtunza stoo kwenye godauni la vifaa vya ujenzi huku Vingunguti, mwaka wa 11 huu. Mshahara si mbaya si mzuri, tunakula, michango ya shule tunalipa kwa kuchelewa lakini tunalipa. Nyumba yangu mwenyewe, vyumba viwili na sebule, nje haijapigwa plasta ila mvua hainikuti. Mke wangu anauza maandazi na chai hapo kibarazani. Ukituangalia kwa nje hatuna shida.

Tatizo limeanza tulipofungua grupu la WhatsApp la tuliomaliza fomu foo pamoja mwaka 2004. Mwanzoni raha tupu, picha za zamani, nani alikuwa anaiba maembe ya mwalimu. Afu zikaanza picha nyingine. Mmoja kajenga ghorofa Madale, mmoja yupo Kanada, yule tuliyekuwa tunamwita Mzembe ana malori matatu yanakwenda Zambia mpaka Kongo. Desemba tukakutana hoteli moja ya ufukweni, mchango laki na nusu kila mtu, nikaichomoa kwenye hela ya plasta. Shangazi nilienda na daladala, nikashuka kituo cha nyuma ili wasinione, nikafuta vumbi la Chanika kwenye viatu kwa soksi ya mtoto niliyoiweka mfukoni. Ndani mtu akaniuliza, kaka siku hizi upo wapi? Nikasema nipo nipo tu, najishughulisha. Nilishindwa kutamka kwamba ni mtunza stoo.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikirudi nyumbani kila kitu nakiona kidogo, sebule ndogo, mke kanenepa, hata chai naiona nyepesi. Kuna mtu yuko tayari kunikopesha nijazie nichukue gari, IST, rehani ni hii nyumba. Mke hataki, kila nikianza anasema mshukuru Mungu baba Shukuru, na hilo neno linaniudhi kuliko tusi. Cha ajabu jina la mtoto wetu wa mwisho nililitoa mimi mwenyewe, yeye na mama yake walitaka kuondoka siku ile. Sasa najiuliza, mtu anajifunzaje kushukuru kama moyo wenyewe haushukuru? Au ndo nimeumbwa hivi? Baba Shukuru, Chanika."

Marahaba baba Shukuru. Nimecheka kwenye ile soksi, unisamehe. Ila jambo la kwanza kabla ya yote: nyumba usiiweke rehani. Nalisema mapema kwa sababu nawajua, mnasoma mistari miwili ya juu afu mnakimbilia ukurasa wa nyota. Mkopo wa mtu binafsi kwa rehani ya nyumba ndio hiyo hiyo kausha damu hata kama anayekukopesha kavaa shati jeupe, na IST ukishaipata inataka mafuta, bima, tairi na fundi, na foleni ya Gongo la Mboto utaikuta palepale, tofauti ni kwamba kwenye daladala angalau ukipata siti unasinzia.

Sasa tuje kwenye hilo linalokuwasha. Nina mpwa wangu anasoma uchumi, siku moja alinisimulia habari ya Uholanzi nikabaki mdomo wazi. Kule kuna bahati nasibu inayochezwa kwa anwani, wanabahatisha namba ya posta, na namba ya posta ya kule ni nyumba chache tu za barabara moja. Mkishinda, kila mwenye tiketi hapo mtaani anapata pesa, na mmoja wao anaondoka na BMW mpya. Asiyenunua tiketi anabaki anaangalia dirishani. Wachumi wakawafuatilia hawa wa dirishani na matokeo wakayachapisha mwaka 2011, wakakuta watu wanaokaa jirani na washindi walikuwa wananunua magari kuliko wa mitaa ambayo haikushinda. Hela hawakupata hata senti, wamemwona tu jirani anapaki! Na walioshinda wenyewe walipoulizwa baada ya miezi kama sita furaha yao haikuwa imeongezeka. Wazungu hao, na treni zao zinazofika kwa wakati, na baiskeli kila kona.

Kwa hiyo usijione una roho mbaya peke yako. Wewe ulikuwa unaishi Chanika na majirani wa Chanika ambao plasta zao unazijua, grupu likakuhamishia Madale bila kiwanja. Hebu fanya kitu kimoja leo usiku. Fungua orodha ya watu kwenye hilo grupu uhesabu, afu pitia picha za miezi mitatu uhesabu waliozituma ni wangapi. Mi nakwambia hawafiki kumi. Waliobaki wote, baba, ni wa kushuka kituo cha nyuma.

Lakini hilo bado siyo jibu, hiyo ni dawa ya maumivu tu. Nataka nirudi kwenye mstari mmoja ulioandika ukaupita mbio kama mtu anayeruka mfereji. "Yeye na mama yake walitaka kuondoka siku ile." Soksi umeiandikia mistari miwili, hoteli mistari mitatu, mke na mtoto kutaka kufa umewapa nusu sentensi. Sijui ilikuwaje na sikuulizi. Nimewahi tu kukaa benchi la nje ya leba usiku na kaka yangu, namjua mwanaume wa saa nane za usiku anavyotembea pale, anaenda mpaka kwenye bomba anarudi, anaenda mpaka kwenye bomba anarudi, kila mlango ukifunguliwa anasimama. Yule mtu haombi gari. Anaomba Jumanne. Anaomba mke atoke pale akaendelee kukaanga maandazi, na mtoto alie usiku kucha watu wasilale. Ukapewa hiyo Jumanne baba Shukuru, ukafurahi mpaka ukampa mtoto jina. Afu zikaja Jumanne nyingi, mfululizo, ukaacha kuziona.

Na si wewe tu. Ngoja nimseme mzee wangu, mume wangu huyo, hasomi hili jarida anasema ni la wanawake. Miaka michache nyuma tezi dume ilimvimba mkojo ukagoma kabisa, wakamwekea mpira, wiki tatu anatembea na mfuko chini ya kanzu, mtu aliyekuwa anapenda kunata leo hataki hata kwenda dukani. Akafanyiwa operesheni. Siku ya kutoa mpira nipo wodini, wanaume sita kitanda kwa kitanda, wote shida ileile, nesi kamnywesha maji lita nzima anamwambia haya baba ingia nyuma ya pazia tuone. Kimya. Wodi nzima kimya, yani hata waliokuwa na redio wamezima. Dakika zinapita, tunasikia anakohoa tu. Mara chwaaa kwenye ndoo. Mzee wa kitanda cha pembeni akapiga kelele "GOLI!" wodi yote ikapiga makofi, mpaka wa mishono wanashika matumbo. Mzee wangu katoka nyuma ya pazia machozi yanamtoka. Kwenye bajaji njia nzima kanishika mkono, anasema mke wangu, mimi kulalamika basi tena mpaka naingia kaburini.

Siku ya tisa akasusa mchicha eti chumvi imezidi. Nilihesabu, ni siku ya tisa.

Binadamu ndivyo tulivyo, kitu kikirudi kuwa cha kila siku kinapotea machoni. Na usidhani ukipata kikubwa ndio utapona. Mwaka 1978 kule Marekani watafiti watatu waliwahoji watu 22 walioshinda hela nyingi kwenye bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wa hali ya kawaida. Furaha zao kwa ujumla hazikupishana sana, ila walipoulizwa vitu vidogo, kunywa chai asubuhi, kupiga stori na rafiki, kusoma jarida, washindi walikuwa wanavifurahia kidogo kuliko wale wa kawaida. Kusoma jarida, mmesikia? Yani nyie mkitajirika mi ndo basi tena.

Sasa unauliza mtu anajifunzaje. Nakushangaa kidogo, wewe mbona ulishafundishwa. Ukiwa mdogo ukipewa ndizi na jirani mama yako alikufinya akasema "unasemaje?" ukasema asante. Alikuuliza kama moyo wako unashukuru? Wala. Moyo ulikuwa kwenye ndizi. Mdomo ulianza, moyo ukaja taratibu nyuma, miaka kumi baadaye ndio ukaelewa yule jirani alikuwa na ndizi tatu tu. Wewe saa hizi unasubiri moyo uanze, utasubiri sana. Hata mtume Paulo kwenye barua ya Wafilipi sura ya 4 anasema amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, amejifunza, hajasema amezaliwa hivyo, na aliandika akiwa kifungoni. Kama ni Mwislamu unaijua aya ya 7 ya sura Ibrahim, mkishukuru nitakuzidishieni, ingawa nawaona wengi mnakimbilia pale kwenye kuzidishiwa.

Tena kuna hili. Neno la mkeo linakuudhi kwa sababu ni kubwa mno na halina mlango. "Mshukuru Mungu" kwa yote, kwa maisha, kwa uhai, mtu mwenye hasira atalishikia wapi? Asante ya kwenye ndizi ilikuwa na mtu na ilikuwa na ndizi. Hayo maisha unayoyaita ya kawaida hayajiendeshi, kuna watu wanaamka kuyaendesha. Umeniambia mkeo kanenepa. Hujaniambia anaamka saa ngapi. Maandazi ya kuuza saa kumi na mbili asubuhi, unga umekandwa usiku wewe umelala, mkaa umewashwa kumi alfajiri, na hiyo chai uliyoiona nyepesi huenda majani yameishia kwenye birika la wateja.

We ni mtu wa stoo, kwa hiyo nitakupa kazi unayoiweza. Kuna Wamarekani wawili mwaka 2003 walichapisha utafiti, wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki mambo mpaka matano wanayoyashukuru, wiki kumi, wakajikuta wanayaona maisha yao vizuri kuliko wenzao walioambiwa waandike kero. Sawa, ila mi ya kuandika "nashukuru kwa afya, nashukuru kwa familia" siipendi, wiki ya tatu unakopi ya wiki ya kwanza. Wewe fungua leja. Si unaijua leja? Tarehe, kilicholetwa, idadi, aliyeleta. Andika hivyohivyo. Alhamisi, chai kikombe kimoja na maandazi mawili, kaleta mama Shukuru, saa kumi na moja kasoro, haijalipiwa. Ijumaa, kushikiwa siti na konda wa gari la Buguruni, anajua nashuka mwisho. Jumamosi, mtoto mkubwa kafagia uwanja bila kutumwa. Kitu halisi na jina la aliyeleta, mistari miwili mitatu kwa wiki inatosha. Na kila ukifunga wiki chagua jina moja ukamwambie mwenyewe, "ile chai ya Alhamisi niliinywa, asante." Atashtuka. Mkeo anaweza hata kukuuliza umefanya nini huko nje. Vumilia.

Hilo grupu usilileft, utaulizwa maswali mpaka uchoke, we lipige myuti mwezi mzima. Na Desemba ijayo mtu akikuuliza upo wapi mwambie nipo stoo ya vifaa vya ujenzi Vingunguti, mwaka wa 12. Watu wa ghorofa za Madale wanaibiwa nondo na saruji kila siku baba, mtu anayejua nondo ya milimita 12 kwa kuishika tu, na ambaye bosi kamwachia funguo miaka yote hiyo hakijapotea kitu, huyo ndiye watakayemfuata parking. Halafu piga plasta. Kushukuru hakujakukataza plasta.

Haya, barua ya pili, ya Tanga, na hii imenikera.

"Shangazi shikamoo. Nipo Tanga, Makorora, nimeolewa mwaka wa tisa, watoto wanne. Mume wangu ana kazi ya kueleweka, mshahara unaingia benki kila mwezi, lakini mi naachiwa elfu tatu mezani kila asubuhi na sisi ni watu sita. Hapo unga kilo, dagaa, mafuta ya kupima na mkaa, sabuni hamna. Yeye nguo zake mpya na wikiendi anatoka. Nikisema, mawifi wanasema shukuru una mume anarudi nyumbani, wenzio wanalala peke yao. Mama yangu mzazi naye kasema hivyohivyo. Je ni kweli mimi sina shukrani? Mama wanne, Tanga."

Marahaba mwanangu. Hapana, si kweli.

Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, kwa hiyo tumpe ya kwake kwanza. Anarudi nyumbani. Elfu tatu haikosekani mezani. Hayo mawili mshukuru, kwa mdomo kabisa, wala usijibane. Afu siku hiyohiyo umwambie hazitoshi. Mdomo ni mmoja na unaweza kusema yote mawili, mtu anayekwambia uchague moja huyo ana lake.

Na hapa nataka niseme na mawifi, najua mnasoma. Neno "shukuru" lina wenyewe wa kulisema. Mtu akijiambia mwenyewe ni ibada. Rafiki akikukumbusha mkiwa mmekaa ni upendo. Ila ndugu wa anayebana hela akikwambia shukuru ukiwa umeshika sufuria tupu, hilo ni kufuli la mdomo. Bosi asiyelipa ovataimu naye hulipenda sana hilo neno, na mwenye nyumba ambaye choo kimeziba mwezi wa pili. Ndio maana kina baba Shukuru likitamkwa tu wanawasha moto hata pale lisipokuwa na ubaya, limeshachafuliwa na wengi.

Sheria nayo haisemi ushukuru. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume ampe mke malazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake na hali yake, sikiliza hapo, kwa kadiri ya uwezo WAKE, siyo kwa kadiri ya uvumilivu wako. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inawapa wazazi wajibu wa chakula, mavazi, matibabu na elimu ya hao wanne. Sikutumi mahakamani kesho asubuhi. Andika matumizi ya wiki moja, kila kitu mpaka kiberiti, mwonyeshe siku ametulia amekula, siyo saa sita usiku amerudi. Akigoma, muite mtu anayemheshimu, mshenga au mzee wa familia upande wake. Akigoma tena, ofisi ya ustawi wa jamii ipo kwenye halmashauri yenu, wanaita watu wa namna hiyo kila wiki na wamewazoea. Mama yako usimchukie, yeye alivumilia chini ya elfu tatu akadhani hiyo ndio ndoa. Mawifi waambie waje wapike wao wiki moja na hiyo hiyo elfu tatu, afu tuongee habari za shukrani.

Ya mwisho fupi.

"Shikamoo shangazi. Nina miaka 23, nauza kava za simu Kariakoo, nakaa Tandika kwa baba mdogo mwaka wa pili. Kwetu Ifakara. Ukweli wa moyoni mi nataka kurudi nyumbani, mama ana ekari mbili za mpunga, na najua ufundi baiskeli tangu mdogo, nifungue kijiwe changu pale. Baba mdogo anasema sina malengo, narudi nyuma, vijana wenzangu wanatafuta koneksheni mi natafuta jembe. Sitaki kuwa bilionea shangazi, nataka maisha ya kawaida tu. Huo ni uvivu? Kijana wa Ifakara."

Marahaba. Uvivu? Baba mdogo kahama Ifakara zamani kasahau. Mvivu halimi mpunga wa Kilombero, maji ya magotini, palizi ya mkono, ukimaliza hapo uanze kuamia ndege, unaishi kwenye dungu wiki nzima unapiga kelele na mabati asubuhi mpaka jioni kwelea wasikumalizie shamba. Mvivu anauza kava kivulini. Natania, najua jua la Kariakoo nalo si mchezo, na mgambo.

Ila na wewe nikuulize kidogo, maana "maisha ya kawaida" likitoka kwa kijana wa miaka 23 linaweza kuwa jina zuri la kuogopa. Umeshafanya hesabu? Ifakara baiskeli zipo za kutosha na mafundi wapo pia, kijiwe chako watakijia kwa nini? Kuziba pancha kila mtu anaziba. Kama unajua kunyoosha ringi iliyopinda na kufunga spoku upya bila kucheza, hapo una kazi. Hapa Dar ukiwa bado na mtaji wa kava nunua vifaa taratibu, spana, pampu nzuri, solusheni, spoku za saizi mbilimbili, na weka hela ya kula miezi mitatu kwa sababu mpunga haulipi mwezi wa kwanza na mama yako si benki. Ukiweza hivyo nenda hata kabla ya mvua. Ukiona huwezi kuweka hata hiyo ya miezi mitatu basi si wakati, kaa kwanza.

Na usiondoke kimyakimya usiku kama mwenye deni. Kaa na baba mdogo umwage shukrani zako, miaka miwili si midogo Tandika, chumba ni chumba. Atalalamika kidogo, mwache alalamike. Zawadi ya kuaga usimnunulie yeye shati, mnunulie mama mdogo kitenge. Hukumtaja hata mara moja kwenye barua yako, na ukichelewa kurudi Kariakoo chakula kilikuwa kinakusubiri kimefunikwa na nani?